Mama Aliyeondoka Akirudi Kudai Watoto: Tupime Nini?

Swali la kwanza ni lile lile kila mara: mama gani huyo anaacha watoto wake? Huulizwa kwenye kikao cha familia, huulizwa na jirani, na hata mahakamani huulizwa, ila kwa maneno ya adabu zaidi. Aliyebaki akimbeba mtoto mwenye homa usiku wa manane ana haki ya kuliuliza. Lakini ndani ya swali hilo zimo hukumu mbili: moja ni ya kule kuondoka, nyingine ni ya mahali mtoto atakapolala kuanzia sasa. Zikichanganywa, mtoto ndiye hulipa deni la watu wazima. Mama anaweza kuwa alikosa vibaya kuondoka, na bado mtoto akamhitaji. Anaweza kuwa alikuwa na kila sababu ya kukimbia, na bado ikawa dhuluma kumng'oa mtoto pale alipokwisha kuota mizizi.

Kwa hiyo kabla ya kusikiliza sababu za mtu yeyote, andika tarehe. Chukua karatasi moja uichore safu nne: tarehe, umri wa mtoto siku hiyo kwa miaka na miezi, kilichotokea, na uthibitisho uliopo. Anza na siku mama alipoondoka. Fuatisha simu ya kwanza, fedha ya kwanza aliyotuma, mara ya mwisho alipomwona mtoto, mara ya kwanza alipoomba kumwona akakataliwa, mtoto alipohama nyumba, alipoanza shule, baba alipooa tena, na siku ombi la malezi lilipofikishwa. Safu ya umri ndiyo yenye kusema mengi. Miaka 2 kwa mtu mzima ni miaka 2 tu. Kwa aliyeachwa na miezi 10 ni karibu uhai wake wote, na kwa aliyeachwa na miaka 11 ni jeraha lenye sura na sauti ya mtu anayemjua vizuri. Tena kalenda hiyo huvunja maneno matupu ya pande zote. Anayesema "hajawahi kupiga simu hata siku moja" husita anapoulizwa namba ya nyumbani ilibadilishwa mwezi gani na nani alipewa mpya. Anayesema "walinizuia" naye husita ikiwa kati ya kuondoka na jaribio lake la kwanza kuna miezi 14 isiyo na alama yoyote.

Baada ya tarehe ndipo zije sababu, na hapa neno "aliondoka" huficha mengi. Wako waliofukuzwa na kisha kuitwa wakimbizi wa ndoa. Wako waliokimbia kipigo. Wako walioozwa wakiwa wasichana wadogo, wakazaa kabla hawajajua wao ni nani, na walipokua wakatoka. Wako waliokwenda kufanya kazi mbali kwa makubaliano ya mume, makubaliano ambayo leo hakuna anayekumbuka kuyafanya. Wako walioondoka kwa sababu ya mwanamume mwingine, au pombe, au kuchoka tu, na hao nao ni watu wa kusikilizwa bila kuwapamba. Na wako waliokuwa wagonjwa. Sonona baada ya kujifungua huweza kumfanya mama aone kwa yakini kwamba mtoto atakuwa salama zaidi bila yeye. Kule kuchanganyikiwa akili baada ya uzazi, ambako mara nyingi huanza ndani ya majuma mawili ya kwanza, ni dharura ya hospitali, na wengi hupona wakitibiwa. Mama wa namna hii akirudi, ulizia matibabu: alipimwa wapi, alipewa nini, nani anamfuatilia, na dalili zikirudi nani nyumbani atazitambua kwanza. Majibu ya maswali hayo yana uzito kuliko machozi yake na kuliko hasira ya wakwe.

Swali linalofuata huwa: basi mbona hakuwachukua? Linasikika kama msumari wa mwisho, na mara nyingi lina jibu la kawaida kabisa. Hakuwa na pa kulala yeye mwenyewe. Watoto walikuwa katikati ya muhula. Vyeti vya kuzaliwa vilifungiwa kabatini. Aliambiwa akiwagusa watauawa wote. Aliamini atarudi kuwachukua baada ya majuma mawili. Majuma hayo mawili ndiyo hasa yanayoharibu mambo, kwa sababu kila siku inayopita huimarisha hali iliyopo, na hali iliyopo ndiyo mizani ya kwanza ambayo mahakama huishika. Mama hupanga kujipanga kwanza: chumba, kazi, godoro. Anapokuwa tayari imepita miezi 8, mtoto ana mwalimu mpya na kitanda kipya, na upande wa pili una jambo moja rahisi la kusema: ameshazoea. Aliye katika hatua ya kuondoka leo, na anayeweza, basi ndani ya siku chache aache maandishi ya kwa nini anaondoka na kwamba haachi watoto, atoe taarifa polisi au kwa afisa ustawi wa jamii, na aombe amri ya muda ya malezi au walau ya kuwaona watoto. Ombi la muda lililoletwa katika juma la tatu lina nguvu kuliko hotuba nzuri iliyoletwa katika mwaka wa tatu.

Jambo moja halisemwi vya kutosha. Baba akienda mbali miaka 5, husemwa anatafuta. Mama akienda mbali miaka 5, husemwa ametelekeza. Baba akirudi akataka watoto, watu huuliza ana nyumba ya aina gani. Mama akirudi huulizwa alikuwa analala na nani. Mizani hii imepinda kwa muda mrefu. Nchini Uingereza, mwandishi Caroline Norton alitengana na mumewe mwaka 1836, na sheria ya wakati huo ikampa baba watoto wote watatu bila kuuliza lolote juu ya malezi yao. Maandishi na madai yake yalichangia kupatikana kwa sheria ya mwaka 1839, iliyomruhusu mama kuomba malezi ya mtoto aliye chini ya miaka 7, lakini mama aliyethibitika kuzini alifungiwa mlango huo. Ukiisoma leo unaona kilichofanyika: mtoto ametajwa, ila anayepimwa ni mwenendo wa mwanamke kitandani. Na Caroline mwenyewe haikumsaidia, maana watoto wake walikuwa wamepelekwa Scotland, ambako mahakama za England hazikuwa na mamlaka.

Umri wa miaka 7 umesafiri mbali tangu wakati huo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inachukulia kwamba ni heri mtoto wa chini ya miaka 7 akae na mama yake. Dhana hiyo inaweza kukanushwa, na kifungu hicho hicho kinataka izingatiwe ubaya wa kumvuruga mtoto kwa kumhamisha kutoka mlezi mmoja kwenda mwingine. Wengi hushika nusu ya kwanza ya kifungu na kuiacha ya pili. Mama hufika akisema, mtoto ana miaka 5, kwa hiyo ni wangu. Mwanasheria wa upande wa pili husoma mstari unaofuata, na shauri hugeuka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 53, inampa mtoto haki ya kulelewa na wazazi wote wawili kwa wajibu ulio sawa, wawe walioana au hawakuoana, na inaweka maslahi ya mtoto mbele ya yote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 9, unasema mtoto aliyetenganishwa na mzazi ana haki ya kuwa na mawasiliano ya mara kwa mara na mzazi huyo, isipokuwa mawasiliano hayo yawe kinyume cha maslahi yake. Angalia haki hiyo ni ya nani. Ni ya mtoto. Anayemnyima mtoto simu ya mama yake ili kumkomoa mama, amemnyima mtoto.

Sasa tuingie kwa mtoto mwenyewe, maana huko ndiko wengi hukosea kwa kutojua. Mwaka 1952 James Robertson, aliyefanya kazi mjini London pamoja na John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili aliyechunguza mtoto anavyoshikamana na mama, alionyesha filamu ya mtoto wa miaka 2 aliyelazwa hospitalini siku 8 bila mama yake kukaa naye. Katika kufuatilia watoto wa namna hiyo waliona hatua tatu. Kwanza mtoto hupinga: hulia, hutafuta, hukaa mlangoni. Kisha hukata tamaa: hunyamaza, huwa mzito, hula kidogo. Kisha hujitenga: hucheza, hucheka na kila mtu, na mama akija humtazama kama mgeni. Hatua hii ya tatu ndiyo inayodanganya. Nyumbani husema, "Amesahau, yuko sawa," na mama aliyerudi huona mtoto hamkimbilii, akavunjika moyo au akaamini amelishwa chuki. Mara nyingi hayuko sawa, na wala si chuki. Ni mtoto aliyejifunga ili asiumie tena.

Kila umri una namna yake ya kupokea kurudi. Wa chini ya miaka 3 hawezi kubeba sura ya mtu kwa muda mrefu, kwa hiyo kumwona saa moja moja mara tatu kwa juma kunajenga zaidi kuliko siku mbili mfululizo kila mwezi. Wa miaka 4 hadi 6 huamini kwamba aliyeondoka aliondoka kwa sababu yake: alivunja kikombe, alilia sana, alimkasirisha. Asipoambiwa waziwazi kwamba si kosa lake, ataendelea kuamini hivyo huku akicheka. Wa miaka 7 hadi 11 huingia katika mgongano wa utiifu: akimfurahia mama anahisi amemsaliti baba au bibi, hivyo hukunja uso mbele ya mmoja na kukunjua mbele ya mwingine, na kila upande huapa kuwa umeuona ukweli. Kijana wa miaka 13 na kuendelea ana hasira iliyokwisha kupangwa vizuri, na amri ya mahakama haimsogezi hata hatua. Kwa huyu andika barua fupi kila juma, usidai jibu, na usiache kuandika anapokaa kimya. Huenda anazisoma zote na kuzihifadhi.

Katika uthibitisho, kosa kubwa ni kuleta vipande. Picha ya skrini yenye ujumbe mmoja wa matusi haisaidii sana kama mazungumzo ya kabla na baada yake yamekatwa. Hifadhi mazungumzo yote, yenye namba na tarehe, na usiitupe simu yenyewe. Rekodi za kutuma fedha zichapishwe kwa mfululizo, miezi mitupu ikiwemo, kwa sababu mwezi mtupu uliofafanuliwa hauumizi kama mwezi mtupu uliofichwa. Barua zilizorudishwa, simu zilizopigwa bila kupokelewa, zawadi iliyokataliwa mlangoni mbele ya shahidi, vyote vinaonyesha jaribio. Mahakama haitazami tu kama alimwona mtoto. Inatazama kama alijaribu, mara ngapi, na alipokataliwa alikwenda wapi. Mama aliyekataliwa mara moja akanyamaza miaka 3 ana kazi ngumu ya kueleza. Kwa upande wa aliyebaki, leteni kadi ya kliniki, ripoti za shule, jina la anayempeleka na kumchukua, na ratiba ya siku ya kawaida. Maneno "mimi ndiye nimemlea" ni mepesi. Kadi yenye tarehe za chanjo zote na saini ya aliyemleta ni nzito.

Halafu kuna swali ambalo ni halali kuuliza bila kumdhalilisha mtu: kwa nini sasa? Huenda ni kwa sababu amepona, amepata makazi, amejua haki zake, amefiwa akaona maisha ni mafupi. Huenda pia ni kwa sababu ameamriwa kulipa matunzo na anataka kuyakwepa, au baba ameoa na wivu umewaka, au kuna mirathi inayomhusu mtoto, au mtoto amefika umri wa kusaidia kazi za nyumbani. Hakuna chombo cha kupima moyo, ila kuna dalili. Msikilize anauliza nini. Anayemtaka mtoto huuliza kiatu namba ngapi, analala na taa au gizani, jino la mbele limeota, mwalimu wake ni nani, anaogopa nini. Anayetaka ushindi huuliza karatasi zitatoka lini. Dalili nyingine ni subira: mpe mpango wa polepole umwone anaupokeaje. Mwenye nia njema huumia, hulalamika, kisha huja saa iliyopangwa. Kipimo hiki kimpate baba pia, na bibi pia.

Kuhusu kinachoombwa, mambo matatu hayafanani na yasichanganywe: malezi, yaani mtoto akae na nani na nani aamue mambo yake makubwa, haki ya kumwona, na matunzo, yaani gharama. Mtu anaweza kukosa la kwanza akapata la pili, na bado akadaiwa la tatu. Wala kutolipa matunzo hakumpi aliyebaki ruhusa ya kufunga mlango, kama vile kufungiwa mlango hakumpi mwingine ruhusa ya kuacha kulipa. Kwa mama ambaye mtoto hamjui tena, kuomba malezi kamili siku ya kwanza ni kujiumiza. Anaonekana hajui mtoto amepita wapi. Aombe kwanza ratiba ya kuonana yenye hatua, na aombe shauri litazamwe upya baada ya miezi 6. Zaidi ya yote, asimchukue mtoto kwenye geti la shule. Hata akiwa na haki yote duniani, tendo hilo moja linaweza kumrudisha nyuma kuliko miaka yote ya kutokuwapo, na likivuka mpaka kati ya nchi wanachama linaingia kwenye Mkataba wa The Hague wa mwaka 1980 kuhusu utoroshaji wa watoto, ambao nchi hizo huutumia kuamuru mtoto arudishwe upesi alikotoka.

Ratiba yenyewe ya kumrudisha mama maishani mwa mtoto iandikwe kwa hatua, na kila hatua ipewe muda wake. Majuma mawili au matatu ya kwanza yawe ya picha na sauti: simu ya dakika 10, siku zile zile, saa ile ile, mlezi akiwa karibu na mtoto. Mtoto akinyamaza kwenye simu, mama asimbane kwa maswali. Asimulie yeye, au asome hadithi fupi, kisha aage. Baadaye kuonana kwa saa moja mahali pasipo pa upande wowote, mlezi anayemjua akikaa pale pale. Mara nne au tano hivyo. Kisha mlezi asogee mbali kidogo, mtoto akimwona bado. Kisha saa tatu au nne bila mlezi. Kisha siku nzima. Usiku wa kwanza usije kabla mtoto hajalala mchana, hajala na hajaoga kwa mama bila shida, maana usiku ndiko hofu zote hutoka. Kisha usiku mbili, kisha sehemu ya likizo. Kwa mtoto mdogo safari hii huchukua kama miezi 4 hadi 6. Kwa mwenye kiwewe, zaidi. Ndugu wasitenganishwe njiani kwa kisingizio kwamba mdogo ni rahisi kuzoea: mara nyingi yule kaka au dada ndiye kitu pekee ambacho hakijabadilika.

Baada ya kuonana, mtoto anaweza kukojoa kitandani siku mbili tatu, kudeka, kupiga wenzake, kukataa kula. Hapo upande wa baba huja mbio: mnaona, anamdhuru! Si lazima. Mtoto anayevuka kutoka mikono hadi mikono hutikisika, hata pande zote zikiwa njema. Kinachotazamwa ni muda na mwelekeo. Ikitulia ndani ya siku chache na kila mara inapungua, endelea. Ikizidi juma na inaongezeka, rudi hatua moja nyuma, usisimamishe kabisa. Ikija na alama mwilini, maneno ya kutisha au hofu ya mtu fulani anayetajwa, hilo si suala la ratiba tena; lipelekwe mara moja kwa daktari na ustawi wa jamii. Na linaloharibu kuliko yote ni miadi inayovunjwa. Mtoto aliyekwisha kuachwa mara moja, akivalishwa, akakaa dirishani, na mama asifike, huachwa mara ya pili. Kama hana uhakika wa nauli ya mara tatu kwa juma, aahidi mara moja, afike.

Siku ya kwanza ya kuonana, aje na kitu kimoja kidogo, si rundo la zawadi. Asimrukie kumkumbatia, aketi chini, awe usawa wa macho yake, aache mtoto aje. Asidai kuitwa mama. Kama mtoto anamwita mama wa kambo "mama", asimsahihishe. Hakuna alichoibiwa pale, na mtoto ana nafasi ya kuwaita wawili. Asimlilie. Asiulize nyumbani kwa baba wanakula nini. Na ajiandae kwa lile swali, maana litakuja, mara nyingi wakati asioutazamia, akimfunga kamba za viatu. "Mama, ulienda wapi?" Kwa wa miaka 4 inatosha: "Nilikuwa mgonjwa, sikuweza kukutunza. Hukufanya kosa lolote. Sasa nimerudi, na Jumamosi nitakuja tena." Kwa wa miaka 9: "Mimi na baba yako tuligombana sana, nikaondoka. Nilipaswa kukuambia mwenyewe, sikukuambia. Nisamehe kwa hilo." Asiseme "baba yako alinifukuza" hata kama ni kweli, huo ni ukweli wa kuambiwa mtu mzima. Asiseme pia "sitaondoka tena kamwe" kama bado hana hakika ya chumba cha mwezi ujao.

Aliyebaki naye ana kazi yake, na si nyepesi. Wapo wanaomwambia mtoto kwamba mama yake alikufa, wakidhani wanampunguzia. Mtoto huja kujua, mara nyingi akiwa shuleni, kwa mdomo wa mtoto mwenzake, na siku hiyo hupoteza imani kwa yule pekee aliyebakiwa naye. Mwambieni kwa ufupi: yuko hai, hayuko hapa, watu wazima walishindwa kuelewana. Siku ya kumkabidhi, andikeni karatasi moja: saa ya kulala, chakula asichokipenda, dawa na kiasi chake, wimbo au nguo anayolalia, anachoogopa. Bibi aliyelea miaka 4 anapoandika karatasi hiyo kwa mkono wake na kumkabidhi yule aliyemlaani, anafanya jambo zito, na mtoto akiiona karatasi ikipita kati ya mikono hiyo miwili huelewa kwamba ameruhusiwa. Palipokuwa na kipigo, makabidhiano yafanyike mbele ya mtu wa tatu, mahali pa wazi. Wala msikubali kirahisi ile kauli kwamba "alimpiga mke tu, watoto hajawahi kuwagusa". Mtoto aliyesikia kupitia ukuta naye aliumia, na hilo lihesabiwe anapopimwa baba aliyebaki nao.

Kumsikiliza mtoto kuna ufundi wake. Asiulizwe anampenda nani zaidi, wala anataka kukaa na nani, mbele ya wale wenyewe. Aulizwe siku yake: nani alikuamsha, mlikula nini, ukiumwa unamwita nani, ukipata alama nzuri unamwambia nani kwanza. Majibu yatajitosheleza. Mtoto aliyefundishwa maneno hujulikana: anatumia lugha ya wakubwa, kama "mama yangu hana maadili", na ukimwomba mfano hana, ndugu wawili wanasema sentensi ile ile neno kwa neno, anatoa lawama za mambo yaliyotokea kabla hajazaliwa. Aliyeishi jambo hutoa vitu vidogo vidogo: rangi ya mlango, harufu, alivyovaa soksi moja. Ibara ya 12 ya ule mkataba wa 1989 inampa haki ya kusikilizwa kadiri ya umri na upevu wake. Kusikilizwa si kuamua. Mwambieni hivyo mapema, kwamba atasema na watu wazima ndio watakaoamua, ili asije kubeba maisha yake yote mzigo wa kumchagua mmoja na kumkataa mwingine.

Mama anaweza kupita yote haya na bado akakosa malezi. Mtoto ana miaka 8, ana shule, ana bibi, ana rafiki wa mtaa wa pili, na mahakama ikaona ni heri abaki. Wengi huanguka hapo: huchukua hukumu kama tangazo kwamba wao si mama, huacha hata zile Jumamosi mbili za mwezi walizopewa, na baada ya mwaka hali ile ya kuondoka hujirudia yenyewe. Amri ya malezi huweza kutazamwa upya hali zikibadilika: mlezi akiugua, akihama, mtoto akikua na kusema mwenyewe. Siku hiyo ikifika, kinachofunguliwa ni daftari. Kwa hiyo nunua daftari leo. Kila ziara andika tarehe, saa uliyofika, saa uliyomrudisha, mlifanya nini, alikula nini, alisema nini juu ya shule, na kama alilia mlipoachana. Mistari mitano inatosha. Na Jumamosi ya kwanza baada ya hukumu, hata kama macho yamevimba, fika saa iliyoandikwa.